Kona haikufagiliwa, haikuwekewa mtu, halafu tuliokwepa kumuua mwenzetu ndio tumefutiwa matokeo!

Wadau, nimengoja siku tatu hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Jumapili tulikuwa kwenye mbio za baiskeli za ridhaa, mizunguko mitano ya kilomita 18, barabara za vijijini, vilima mwanzo mwisho. Njia yenyewe sina ugomvi nayo. Ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kukimbilia. Ule mlima mrefu unachuja kundi kweli kweli: mzunguko wa kwanza mnapanda watu sitini, kufika wa tatu mmebaki ishirini na kitu, na hapo hakuna tena wa kujificha mgongoni mwa mwenzake. Ugomvi wangu ni kona moja tu, na mliokuwepo mnaijua.

Ukitoka kileleni kuna mteremko wa kama kilomita mbili, lami nyembamba, miti imebana, kisha kona kali ambayo huoni inakoishia. Upande wa ndani inaingia njia ya shamba, na kila trekta likitoka linamwaga changarawe barabarani. Jumamosi nilikwenda kuikagua njia. Nikamwambia mwandaaji mmoja uso kwa uso: pale patamwangusha mtu. Akanijibu, "Tutafagia kesho asubuhi." Mifagio miwili na nusu saa, kazi ingekwisha. Hakufagia mtu. Hata wa kusimama na bendera na filimbi hakuwekwa, wakati kwenye mstari wa kumalizia niliwahesabu saba wamevaa vizibao vya usimamizi.

Mzunguko wa tatu, tairi la mbele la jamaa aliyekuwa wa pili likateleza. Akaenda chini, wawili wakampanda. Mimi nilikuwa wa tano. Mnaoteremka mnajua hesabu yake: ukiwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, na nguvu ya mwendo unayotakiwa kuizima ni mara nne ya ile ya kilomita 30. Umeshalala kwenye kona, tairi limetumia karibu uwezo wake wote kukushikilia barabarani. Ukibana breki hapo, juu ya changarawe, nawe unafuata chini. Zilibaki njia mbili, nipite juu ya mgongo wa mtu au nivuke mstari wa katikati. Nilivuka. Watatu nyuma yangu nao wakavuka. Barabara haikuwa imefungwa, na kama gari lingekuwa linapanda dakika ile leo mngekuwa mnaandika rambirambi.

Mwenzetu amevunjika mfupa wa bega. Wawili wetu tulisimama, tukabaki naye mpaka gari la huduma ya kwanza lilipofika, na lilichelewa kwa sababu lilikuwa moja tu na lilikuwa nyuma ya kundi la mwisho. Tulipomaliza tukakuta majina ya wote wanne hayamo kwenye matokeo. Sababu: "kuvuka mstari wa katikati." Nikaenda kukata rufaa, naambiwa muda wa rufaa umekwisha. Umekwisha nikiwa nimeshika kichwa cha majeruhi kisitikisike!

Hiyo sheria naiunga mkono, na nimewahi kumripoti mtu kwa kuivunja. Anayevuka mstari akipanda mlima ili awapite watu wanne aondolewe hapo hapo, maana anahatarisha wote. Lakini iliwekwa ili watu wasife. Huwezi kuishika kumwadhibu aliyekwepa kumuua mwenzake, mahali ambapo wewe mwenyewe uliacha changarawe. Mwamuzi hakuwa kwenye ile kona. Aliletewa namba nne kwenye karatasi, akazikata, hakumuuliza yeyote kati yetu kilichotokea.

Na msije kuniambia "ndio mchezo ulivyo." Hata waendesha baiskeli wa kulipwa wamekufa hivi: Fabio Casartelli alifia kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika Tour de France mwaka 1995, Wouter Weylandt kwenye mteremko wa Giro d'Italia mwaka 2011, Gino Mäder alianguka akiteremka Albula kwenye Tour de Suisse mwaka 2023 na hakupona. Hao walikuwa na barabara zilizofungwa, madaktari kwenye msafara na magari ya timu nyuma yao. Sisi tuna helmeti na maombi. Hata hiyo helmeti, UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, iliifanya lazima mwaka 2003 baada ya mwendeshaji Andrey Kivilev kuanguka kwenye mbio za Paris-Nice na kufariki. Watu walikataa kusema ndio mchezo, ndiyo maana leo wote tunaivaa.

Kuhusu nafasi, sitadanganya kwamba hainiumi. Inaniuma. Nilifanya mazoezi ya milima miezi minne kwa ajili ya siku ile. Ila zaidi inaniuma kwamba wiki sita zijazo wanatupeleka kwenye njia ile ile, na tangu Jumapili hawajatoa hata neno moja kuhusu ile kona. Nimewaandikia mara mbili, kimya. Mimi namba yao sivai mpaka nione pamefagiliwa, kuna watu wawili pale wenye bendera, mmoja juu na mmoja chini, na gari la pili la huduma ya kwanza.

Matokeo yetu nayo nayataka. Yeyote aliyekuwa na kamera kwenye usukani mzunguko wa tatu, naomba aniletee kile kipande. Sekunde kumi kabla ya kona zinatosha.