Lori la mzee liuzwe au libaki? Tupeane uzoefu, watu wa Mtwara na Lindi

Kijana wa Chikundi

Wakuu, habari za humu. Naomba mliowahi kuuza gari la zamani la familia, au mliokataa kuuza, mseme yaliyowakuta.

Kwetu Chikundi, Masasi, kuna Bedford imeegeshwa uani. Mzee aliinunua ikiwa imeshatumika, miaka ya 1980, na ndiyo iliyobeba korosho za kijiji kizima, maharusi, misiba na mabati ya msikiti. Ada zetu za shule zilitoka humo. Mzee yupo, ila macho hayamruhusu tena kushika usukani, na gari halijatoka uani tangu msimu wa korosho wa 2021. Kila asubuhi analizunguka, anagonga matairi kwa fimbo, ndipo anywe chai.

Sasa wamekuja watu watatu. Wa skrepa anatoa milioni 2.8, anakata hapohapo na kuondoka nayo. Kijana mmoja wa Tandahimba anatoa milioni 5 taslimu, anataka ya kubebea maji. Shemeji yetu anatoa milioni 7, lakini kwa mali kauli: nusu msimu huu wa korosho, nusu msimu ujao. Kaka aliyeko Dar anasema uza leo. Dada hataki hata kusikia. Mimi ndiye ninayeishi na mzee. Nipeni uzoefu, matusi mbaki nayo.

Tairi Kipara

Weka picha mkuu. Bedford bila picha ni hadithi.

Dereva wa Ndundu

Kijana, mimi nimeendesha Bedford, nikaenda Leyland, nikamalizia Scania. Jina langu hapa ni la kivuko cha Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, ukitoka Mtwara na mzigo wa Dar ulikuwa unalala foleni pale Ndundu mpaka unajua majina ya watoto wa mama lishe. Leo mnapita juu ya zile mita 970 mkiwa mnachati. Na reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa 1962, ikang'olewa. Tangu hapo gunia la kusini limesafiri mgongoni mwa lori. Mwenye lori alikuwa mtu wa kuamkiwa hata na wakubwa zake. Mzee wako hazunguki chuma pale uani.

Hata hivyo sitakushauri kwa huruma. Gari lililosimama linaoza kuliko linalofanya kazi. Raba za breki zinakauka, siku ya kwanza ukikanyaga zinavuja. Tanki linashika kutu ndani, kutu inashuka kwenye pampu na nozeli. Matairi yanapasuka ubavuni hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado zipo. Panya wanamaliza nyaya. Na spea ndiyo usiseme: Bedford mpya hazitengenezwi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo ili lako litembee ni lazima la mwingine liwe limekufa mahali na ukaambiwe lilipo.

Kabla hujamjibu mtu, leta fundi aiwashe. Amwage dizeli yote ya zamani, abadilishe oili, avue matairi aone breki, na injini izungushwe kwa mkono kwanza ndipo starta iguswe. Gari linalonguruma na gari lililolala haviuzwi bei moja. Huyo wa skrepa ndiye anayeomba Mungu usiiwashe.

Mama Ufuta

Asalaam aleikum. Mimi niko Ruangwa. Mdogo wangu, shukuru mzee yupo.

Marehemu mume wangu aliacha Fuso, kadi ina jina lake. Kila mnunuzi akifika, akiona gari anafurahi, akiona kadi anaaga. Ikabidi kikao cha ukoo kikae, nipendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi, twende mahakama ya mwanzo, tangazo libandikwe, tusubiri kama yupo mwenye pingamizi. Akajitokeza. Mjomba wa marehemu! Kwetu Wamwera mjomba ana neno lake, hata kama hajawahi kununua fan belti ya gari hilo. Akasema lori ni la ukoo. Shauri likaenda likirudi, na wakati wote huo Fuso imesimama, masika imepita juu yake, betri ikaibiwa, na yule mnunuzi mzuri akaenda zake kununua Canter kwingine. Mwisho niliruhusiwa, nikauza, lakini kwa bei ya mtu aliyekuona una shida. Zilitosha kuezeka nyumba na kumalizia chuo cha mtoto wa pili. Wa tatu nilimsomesha kwa ufuta.

Kwa hiyo kadi ya Bedford itazame leo. Ina jina la nani? Kama ni la mzee na akili zake ni timamu, saini yake inamaliza kazi yote ambayo mimi niliifanya mahakamani.

Halafu nimesoma maelezo yako mara mbili. Kaka kasema, dada kasema, shemeji kasema. Mwenye gari hakuna aliyemuuliza! Kunyamaza kwake mmekufanya ndiyo ruhusa.

Tairi Kipara

Hapo kwa fan belti nimecheka mama yangu. Ila pole sana.

Chuma Chakavu

Mimi ni mtu wa skrepa, Lindi. Siye huyo aliyekuja kwenu, lakini kazi ni ileile, acha niseme kwa upande wetu.

Sisi tunanunua kilo. Bedford tupu ni tani tatu na kitu, kutegemea bodi, na ubao tunautupa kwenye hesabu. Tukishakulipa bei ya chuma, kabla mzigo haujapanda gari la Dar tunachomoa vinavyouzika vyenyewe. Difu (gia za ekseli ya nyuma), gia boksi na rimu vinapata wateja wenye Bedford zinazotembea. Majani ya springi wahunzi wanayagombania, yanatoa panga zuri na jembe lisilopinda. Ekseli ya nyuma inageuzwa tela la trekta. Shaba ya starta na dainamo inapimwa peke yake, betri nayo peke yake. Faida yetu imelala humo, kwenye chuma kitupu hatupati kitu cha maana.

Mkiamua ife, basi vueni hivyo wenyewe na muuze kimoja kimoja, sisi mtuitie mabaki. Na ikishakatwa gari lifutwe TRA, mamlaka ya mapato, kadi isibaki kabatini. Namba ya gari lililokufa ikivaliwa na gari lingine huko, mtakaotafutwa ni nyinyi. Mwenzangu akisoma hapa atanilaani.

Kijana wa Chikundi

Kadi ina jina la mzee, nimeitazama jana. Na mkuu wa skrepa umenifumbua macho, yule bwana alikuwa anaiangalia difu kuliko injini, nikadhani anasali.

Binti wa Nanyamba

Mimi nije kwa shemeji. Usithubutu.

Mama aliuza Canter kwa ndugu, mali kauli vilevile, korosho ikitoka analipa. Msimu wa 2018/19 ndio ule wanunuzi waligoma kupanda bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa sh. 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Kuna waliolipwa mapema na kuna waliosubiri sana. Ndugu yetu akawa na sababu ya kweli kabisa ya kutolipa, na mtu mwenye sababu ya kweli ndiye mgumu kudai kuliko tapeli. Msimu uliofuata sababu nyingine. Huku gari linatembea, na umiliki haujabadilishwa kwa kuwa bei haijakamilika. Siku moja likakamatwa na mbao zisizo na kibali, aliyepigiwa simu ni mama, mwanamke hajawahi hata kuingia msituni kuokota kuni. Faini za barabarani nazo zilikuwa zinasoma kwenye namba ileile. Harusi mbili za ukoo hatukualikana.

Anayelipa pungufu taslimu mpende. Mwandikishiane mbele ya wakili, muende TRA siku hiyohiyo. Sisi tulipokuja kubadilisha kwa mnunuzi wa pili tulilipa 50,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Pesa ndogo ukilinganisha na usingizi wa mama. Na kaka yako wa Dar akileta habari za rodi laiseni, mwambie ile ya kulipa kila mwaka iliondolewa kwenye bajeti ya 2017/18.

Chumvi ya Mikindani

Mimi sikuuza, tena usinifuate.

Land Rover 109 ya petroli, niliachiwa na baba mdogo. Bodi ni alumini, hewa ya bahari haiifanyi kitu. Lakini chesisi ni chuma, na mimi nabeba chumvi. Imechomelewa mpaka sijui ipi ni chesisi na ipi ni kiraka. Mafuta inakunywa kwa kiu. Hesabu ya faida na hasara niliacha kuifanya zamani, nikaona inaniletea ugomvi na mama watoto.

Inanilipa mwezi wa 6 na wa 7, watoto wanapotoka jandoni na wari wakitolewa. Inakodiwa kubeba ngoma, makungwi, sufuria za wali na mashangazi wote kwa mkupuo, kwenye njia za mchanga ambazo Noah haifiki. Baada ya lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, alikuja mtu wa huko akizitafuta za zamani. Alitaja bei ambayo mke wangu aliniangalia mpaka jioni. Nikakataa. Sababu ninayo, ila nikiiandika hapa mtanicheka.

Ila nikanushe jambo moja la vijiweni, eti gari la zamani halikwami. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar kule maeneo ya Somanga, tulikuwa foleni moja, mabasi mapya, malori ya saruji na mimi, tunakula mihogo. Land Rover haivuki daraja lisilokuwepo.

Utingo Mstaafu

Mwaka jana tuliuza lori la familia, TX, mwezi wa 3. Kosa la kaka zangu hilo, mimi nilipiga kelele. Machi huku nani ana shida na lori? Korosho zimeisha, ufuta uko shambani. Uza mwezi wa 8 au wa 9, watu wanapotafuta gari za msimu.

Maji Kwetu

Mkuu wa Chikundi, mimi nauza maji Tandahimba. Sijui kama huyo kijana namfahamu, ila biashara yake naifahamu.

Huku juu kwetu Makondeni maji yako chini mno. Mradi wa Makonde unasukuma kutoka Mitema, na bado vipo vijiji ambavyo bomba linakohoa tu. Simtanki la lita 5,000 ni tani 5, na Bedford huo ndio mzigo wake. Mwendo mfupi, gia ya pili mlimani, jioni umelala kwako. Mimi ninayo moja, nilinunua kwa mzee wa Newala. Dar siipeleki hata kwa dawa, zaidi ya kilomita 500 na breki za ngoma zikishapata moto kwenye miteremko unabaki na dua. Lakini kwa maji imenilipia mkopo wa vikundi, na sasa inanilipia kiwanja.

Uliza huyo kijana kama ana utingo, ana fundi wa karibu, na kama amewahi kushika gari la aina hiyo au anatoka kwenye kipikapu cha Kirikuu. Mzee aliyeniuzia mimi alikuja kuikagua kama mkwe. Alichomoa kijiti cha oili, akanifokea kuhusu kichujio cha hewa, maana vumbi letu jekundu halina huruma. Bado ananipigia. Ananichosha, ila mara mbili ameniokoa na mafundi waliotaka kunifungulia injini bila sababu.

Kijana wa Chikundi

Wakuu, mrejesho.

Fundi amekuja kutoka Ndanda. Injini inazunguka, haijakwama. Breki zote za kufanya upya. Imewaka, ikatoa moshi mweupe, ikazima, anasema pampu.

Mama Ufuta, nilimuuliza mzee. Nilikaa chini kabisa, nikamweleza wote watatu na bei zao. Akaniuliza, "Huyo wa Tandahimba anajua kukanyaga klachi mara mbili akishusha gia?" Nikasema sijui. Akasema basi aje, aendeshe mpaka Ndanda na kurudi, yeye akae pembeni asikilize gia, macho hayahitajiki. Akishinda, bei ni milioni 6, siyo 5. Kumbe bei alikuwa nayo siku zote, alikuwa anangoja nani atamuuliza. Kuhusu shemeji alisema neno moja ambalo siliandiki. Dada ndiye atakayempelekea jibu, mimi sina kifua hicho.

Kijana nimempigia, amekubali kuja pampu ikishatengenezwa. Bei ya 6 hajaikataa, hajaikubali. Mwenye fundi wa pampu anayeaminika, Masasi au Mtwara mjini, anitumie namba inboksi.

Dereva wa Ndundu

Pampu isifunguliwe hapo uani, wala usikubali fundi wa spana tu. Ivuliwe, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia, na nozeli zote ziende nayo siku hiyohiyo. Na usafishe tanki kabla haijarudi, la sivyo utalipa mara mbili.