Tangazo la mikeka ya Kipungani kwa kamera ndogo: mteja ataka msusi wa kuigiza, nishaurini

MwanaLangoni (Lamu)
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina kazi na imenikwaza.

Mwenye duka la vitu vya mikono hapa mjini ameniomba tangazo la sekunde 60, na jingine fupi la kusambaza kwa simu. Auza mikeka, vikapu na vipepeo vya kupepea vinavyosukwa Kipungani, kijiji cha hapa kisiwani. Ataka lionekane kama makala: watu wenyewe, kazi yenyewe, pasiwe na sauti nzito inayosema "bei poa". Bajeti ni shilingi 45,000, nauli ya boti humo humo.

Nina kamera ndogo ya Sony ZV-E10 na lenzi yake ya 16-50, tripodi, na simu. Maikrofoni ya kubana nguoni naweza kuazima. Sasa, nikodishe kamera kubwa Mombasa, ambayo itakula zaidi ya nusu ya pesa, au hii yatosha?

La pili ndilo lanikosesha usingizi. Mteja asema wale akina mama "hawana sura ya tangazo", kwa hivyo tumchukue binti mmoja wa mjini, tumvishe leso, akae ajifanye yuasuka. Roho yangu imekataa, lakini mwenye pesa ni yeye. Nimwambieje?

MzeeLenzi (Mombasa)
Waaleikum salaam kijana wangu. Pesa ya kukodisha kamera itie kwenye boti na kwenye mikono ya wale akina mama.

Mimi nilianza na Sony VX1000, ile iliyotoka 1995 na kanda za MiniDV. Watu walitucheka kuwa ni kamera ya harusi. 2008 ikaja Canon 5D Mark II, faili moja haizidi dakika 12 hivi, ukimhoji mzee mwenye maneno mengi inakatika kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Matangazo yalitoka vilevile na wateja walilipa. Yako inapiga 4K, unalia nini?

Na faida ya udogo si bei tu. Ingia uani mwa watu na kamera yenye monita, nyaya na kijana wa kushika nyaya, uone kila mtu anavyoketi wima na kurekebisha mtandio. Ukiwa na kijikamera cha kiganjani, baada ya chai ya pili wameshakusahau na wamerudi kusemana.

Itakapokuaibisha ni jua la saa sita na vyumba vya giza. Panda boti mapema maji yakiwa yamejaa, piga asubuhi, pumzika, anza tena baada ya alasiri. Msusi mweke ukingoni mwa kivuli cha makuti akitazama nje, sio katikati.

PichaMwendo_Dar
Naunga mkono mzee. Mkuu, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa mwanga kuingia) 1/50 ya sekunde. Umeme wenu kama wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa za ndani hazitapepesa kwenye picha.

Nje ndiko kwenye shida. Jua kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata 1/50, ukitaka tundu la lenzi la f/5.6, mwanga umezidi kwa stopu nne hivi, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Wengi hapo wanapandisha shata mpaka 1/1000, na mikono inayosuka inaonekana inarukaruka. Usifanye hivyo, nunua filta ya ND16, kioo cheusi kinachopunguza hizo stopu nne. Lenzi yako inachukua ya milimita 40.5, na haina bei ya kutisha.

S-Log3, ile rangi iliyofifishwa ili urekebishe baadaye, achana nayo kabisa. Kamera hiyo inarekodi biti 8, ukija kuvuta rangi ya anga inakatika matabaka. Piga kwa rangi ya kawaida, punguza kontrasti kidogo, washa zebra, ile mistari inayoonyesha mwanga ulipozidi, ulinde kuta za chokaa. Halafu haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na ukiigeuza haraka nguzo zote zinapinda. Basi usiigeuze! Tega tripodi, acha kazi iingie kwenye fremu.

Hifadhi: 4K ya megabiti 100 inakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Beba kadi za kutosha, maana Kipungani sidhani utapata duka la kadi, hahaha.

BiUkili (Lamu)
Mimi mamangu ni msusi, kwa hivyo nitasema wazi.

Mara ya kwanza usende na kamera. Nenda kwa mkubwa wa kikundi, keti, eleza kuwa hili ni tangazo la kuuza, si habari wala utafiti. Wamepigwa picha sana na wageni wasiorudi. Waambie litaonekana wapi. Kuna atakayekubali uso, kuna atakayekubali mikono tu, na huyo wa mikono tu usije ukamwibia uso kwa pembeni.

Kisha fuata kazi inavyokwenda, usiseme "rudia tena mama". Miyaa, yaani majani ya kusukia, inachanwa, inaanikwa, ya rangi inachemshwa sufuriani, halafu ukili, ule utepe wa miyaa, unasukwa na kuviringishwa, unasukwa na kuviringishwa, na mkeka bado. Kushona kuko mbele huko. Tazama mikono: gumba la kushoto labana, mkono wa kulia waingiza mwaa mpya bila mwenyewe kuangalia. Achovya vidole majini, aendelea. Macho yako kwa jirani, mdomo uko kwenye harusi ya juzi, vidole viko kazini. Tangazo lako liko hapo, wala hamna haja ya kulitafuta kwengine.

Huyo binti wa mjini atakuwa ameikodolea macho mikono yake mwenyewe, na ukili wake kingo zimekwenda mrama. Kila mama kutoka Kiunga hadi Vanga atajua.

Wakala_Nairobi
Nisionekane mbaya, lakini mnamtisha kijana bure. Matangazo ni maigizo tangu zamani. Yule anayekunywa chai kwenye runinga akitabasamu, unadhani ana kiu? Mteja akitaka sura fulani mpe, la sivyo kesho kazi itakwenda kwa mwingine. Shilingi 45,000 si pesa ya kugombania maadili.

MzeeLenzi (Mombasa)
Wakala, maigizo hayana kosa yakijulikana ni maigizo. Huyu ataka kuigiza na bado aaminiwe kama makala. Siku mgeni atakapoingia dukani aseme "nataka mkeka wa yule dada", muuzaji atamwonyesha nani?

Errol Morris, Mmarekani wa filamu za makala, mwaka 2002 aliwapigia Apple matangazo: watumiaji wa kawaida, nyuma yao ukuta mweupe, wanaeleza kwa nini walihamia kompyuta zile. Mandhari hakuna. Kilichobeba kazi ni namna mtu anavyosema jambo lake mwenyewe. Na hiyo ni kampuni iliyokuwa na uwezo wa kukodi sura yoyote itakayo.

MwanaLangoni, mteja usibishane naye. Ukienda kwa ile ziara ya kwanza anayosema BiUkili, omba ruhusa upige sekunde 20 za mikono kwa simu. Mwonyeshe, unyamaze.

SautiYaPwani (Malindi)
Mumejaza kurasa kwa picha, masikio mumeyasahau. Mtazamaji atasamehe picha yenye chenga, sauti ya upepo hatasamehe.

Kusi likivuma hiyo maikrofoni ya nguoni bila manyoya ya kuzuia upepo ni bure. Ifiche chini ya mtandio, lakini sikiliza kwanza, maana kitambaa kikisugua kitakuharibia mahojiano yote. Tena rekodi sauti ya kazi peke yake: miyaa ikichanwa, kipande cha ukili kikivutwa. Sogeza maikrofoni mpaka karibu na vidole. Ukiweka sauti hiyo sekunde tano za mwanzo, muziki huenda usiuhitaji.

Angalia saa za adhana kabla ya kuanza kuhoji, usije ukamkatiza mama katikati ya maneno mazuri. Na tafadhali, adhana usiitie kwenye tangazo ili kulipamba. Nimeona watu wakifanya hivyo. Haipendezi, sisi tunauza vikapu.

NyarakaKwanza
Kavu lakini muhimu. Andika fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, na asiyesoma asomewe mbele ya mtu wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ukitumia taarifa za mtu kibiashara, na sura ni taarifa. Mtoto akiingia kwenye fremu, mzazi ndiye wa kuulizwa.

Kuna pia sheria ya filamu, Sura 222 ya Sheria za Kenya, ulizia kibali kabla hujasafiri. Ukitaka kupiga ndani ya Ngome ya Lamu, zungumza na Makumbusho ya Taifa. Droni inaongozwa na kanuni za 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa hali ya usalama ya Lamu mimi nisingeirusha hata kwa kuombwa. Wimbo wa taarabu uliouchota kwenye mtandao nao una mwenyewe.

MwanaLangoni (Lamu)
Shukrani nyote. Nimekwenda Kipungani mikono mitupu kama alivyosema BiUkili, mfukoni simu tu. Mmoja alikubali mikono, mwingine akasema uso na maneno pia, na huyo ana maneno kweli.

Mteja nimemwonyesha kile kipande dukani kwake. Alikitazama, akakirudia, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Kwa hivyo msusi wa kuigiza ameondoka. Lakini bado amng'ang'ania yule binti, asema basi awe mnunuzi dukani.

BiUkili (Lamu)
Hapo sina neno. Kununua anaweza.

MwanaLangoni (Lamu)
Na akina mama niwalipe vipi? Mteja asema wapewe zawadi tukimaliza.

BiUkili (Lamu)
"Tukimaliza" hiyo twaijua. Siku ukiwapiga hawasuki kwa kasi yao, kwa hivyo ni siku ya kazi imepotea. Lipa ujira wa siku kwa kila mmoja, kabla hujawasha kamera, awe uso au awe mikono. Zawadi ni mbali.

Wakala_Nairobi
Hilo nakubaliana. Na liandike kwenye bajeti kama malipo ya waigizaji, mteja halitaki neno "zawadi" likimgharimu zaidi, ila la waigizaji atalilipa bila kuuliza.

MwanaLangoni (Lamu)
Nimeandika hivyo na amepitisha, kamera ya Mombasa imefutwa. SautiYaPwani, uliyataja manyoya ya upepo. Kama una ya ziada nitumie kwa basi la Mokowe, parseli nitalipa mimi.

SautiYaPwani (Malindi)
Yanakuja kesho asubuhi. Yarudi yakiwa makavu, tafadhali.