Re: Sensa ya joto ya Scania 113 imekwama Dar – nani ameshabadilisha jina la mpokeaji?

Mdau wa Reading (kwa sasa Tabata) – Jumatatu

Wapendwa, salaam. Niko nyumbani tangu mwanzo wa mwezi na likizo yote naimalizia kwenye benchi la kusubiri kuitwa.

Lori letu la familia ni Scania 113 ya mwaka 1993. Mdogo wangu hulipeleka Njombe na Makambako kufuata viazi. Miezi miwili iliyopita, wakiwa wanapanda mlima Kitonga, mshale wa joto la injini ulilala na haujaamka mpaka leo. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar, tumeshanunua sensa tatu (kile kifaa kidogo cha kupima joto la maji ya injini). Ya kwanza thredi zilikataa. Ya pili iliingia vizuri, ila mshale unabaki chini kwenye baridi hata baada ya kufika Chalinze. Ya tatu inaonyesha nyuzi 110 asubuhi, injini ikiwa haijawashwa. Nikasema basi, nikanunua iliyofunguliwa kwenye lori lililokuwa linakatwa skrepu huko Uingereza, nikaituma kwa ndege kwa jina langu. Kwenye kifurushi hichohicho niliweka miwani mipya ya mama.

Kimefika siku 9 zilizopita, kimelala kwenye ofisi moja hapa mjini. Wanataka TIN (namba ya mlipakodi) ya mpokeaji. TIN yangu niliichukua kwa pasipoti ya Tanzania, sasa natumia ya Uingereza, na majina yamepangwa tofauti. Dirisha la kwanza linasema TIN hiyo si yangu. La pili linasema niombe mpya. La tatu linasema siwezi kupewa mpya kwa sababu tayari ninayo. Gharama ya kuhifadhi mzigo inapanda kila siku.

Swali langu ni moja tu. Mzigo ukishafika, inawezekana kumwandika mdogo wangu kuwa mpokeaji? Yeye ana TIN na NIDA. Inatakiwa barua ya namna gani?

Dada wa Columbus – Jumatatu

Pole sana kaka yangu. Yalinikuta kwenye mashine ya presha ya mama. Wiki 3! Kumbe shida haikuwa TIN, ni maelezo niliyoandika juu ya boksi. Niliandika "mashine", basi kila aliyeishika anauliza mashine gani, ina kibali gani. Mwisho nilituma risiti ya duka, picha ya kifaa na uthibitisho wa malipo ya kadi, vyote kwenye karatasi moja, shemeji akazunguka navyo. Wewe uliandika nini? Kama uliandika "sensa" peke yake umejitafutia. Andika "spea ya lori" watakuelewa.

Mzee wa Oslo – Jumatatu usiku

Binti yangu, hapo unampotosha mwenzio. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha Kurasini miaka 11 kabla sijaja huku kwenye theluji. Hati haisomi "spea ya lori", inasoma namba ya HS, ile inayopanga bidhaa kwa makundi ya forodha. Watu wengi huikimbilia 8708, sehemu za magari, lakini maelezo ya Sehemu ya 17 yanatoa nje vyombo vyote vya Sura ya 90. Thamometa na jamaa zake ziko 9025. Themostati iko 9032. Ukichanganya hapo, TANSAD, yaani hati ya forodha, inarudishwa na siku inahesabiwa. Na VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya sensa peke yake. Inapigwa juu ya bei, bima na nauli, pamoja na ushuru. Kijana asishangae akiona kodi haifanani na bei ya kitu.

Dada wa Columbus – Jumanne

Shikamoo mzee. Sijasema neno lolote juu ya HS. Nimesema yaliyonikuta.

Mzee wa Oslo – Jumanne

Marahaba. Nami nimesema yaliyo sahihi.

Ndugu wa Maskati – Jumanne

Assalaam alaykum nyote. Mie nnaona mnagombania karatasi na hamjajua kama sensa ndo mbovu. Hebu tuulizane kwanza. Mshale ukilala, kuna mambo matatu: geji, waya, au sensa. Chomoa waya wa sensa, washa swichi bila kuwasha injini, gusisha waya kwenye ethi, yaani chuma cha injini, mara moja tu, uuondoe. Mshale ukipanda mpaka juu, geji nzima na waya mzima, mbovu ni sensa. Usipopanda, hata ulete sensa kutoka mbinguni haitofanya kitu.

Kisha chukua sufuria, chemsha maji, itie sensa kwa uzi, pima ukinzani wake kwa mita ya umeme. Maji yakichemka ni nyuzi 100, huna haja ya kifaa chengine. Mie nimefanya hivi kwenye malori ya hapa Oman miaka, joto la hapa si la mchezo.

Mdau wa Södertälje – Jumanne

Shikamooni wakubwa. Nisamehewe kuingia kwa kirefu, lakini haya ndiyo maisha yangu. Nilisoma umeme wa magari VETA Chang'ombe na sasa nakaa mji uleule zinakotoka hizo Scania.

Kaka wa Maskati yuko sahihi kwa Dar, ila maji ya kuchemka ni nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari tu. Fundi akifanya hivyo Mbeya mjini yanachemka kwenye 94 hivi, atasema sensa inadanganya na kuitupa nzima.

Pili, angalia kichwa cha sensa yenyewe. Nyingi za kampuni ya VDO zina teminali mbili. Moja imegongwa G, hiyo ni ya geji. Nyingine WK, hiyo ni ya taa ya tahadhari. Ethi yake inapita kwenye bodi ya sensa. Fundi akizibadilisha waya, taa na mshale vyote vinafanya vituko. Sensa yako ya tatu nadhani ni ya geji nyingine. Ukinzani wa sensa, unaopimwa kwa ohmu, lazima ulingane na geji. Ile ya VDO inayoishia nyuzi 120 inasoma karibu ohmu 290 kwenye nyuzi 40, na karibu ohmu 22 kwenye 120. Joto likipanda, ohmu zinashuka. Muuzaji wa Gerezani akikwambia zote ni sawa mradi inaingia, toka dukani.

Na kuingia kwenyewe kunadanganya. Thredi ya bomba inayoitwa moja ya nane ya inchi ina kipenyo cha milimita 9.7, ya M10 ni milimita 10 kamili. Kwa macho ni kitu kimoja, mzunguko wa kwanza inakubali, wa tatu unaanza kula alumini. Zaidi ya hapo, mkizungusha tepu nyeupe ya mabomba kama mnafunga bomba la DAWASA mnaikata ethi, kisha mnalaumu sensa.

Sasa niulize jambo moja, na naomba jibu la kweli. Lori lina themostati, ile vali inayofungua na kufunga maji ya kwenda kwenye rejeta?

Ndugu wa Maskati – Jumanne usiku

Tepu haikati ethi ikiwa thredi ni ya kubana. Chuma kinaipasua chenyewe. Mbeya nakubali.

Mdau wa Reading – Jumatano

Asanteni. Themostati fundi aliitoa mwaka jana. Alisema nchi ya joto haihitaji.

Nimeshapeleka barua ya mdogo wangu leo. Wameniambia si wao wanaopokea barua.

Mdau wa Södertälje – Jumatano

Kaka, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Inaniuma kwa sababu nilifundishwa hivyohivyo gereji Buguruni kabla sijaingia darasani, nami nimezitoa nyingi kwa mkono wangu.

Themostati haileti joto. Inashikilia injini kwenye joto lake, haijalishi nje ni Dar au Kiruna, kwenye baridi ya huku Uswidi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Barabara ya Chalinze ni tambarare na upepo unaingia mbele, kwa hiyo injini inabaki baridi, oili nzito, dizeli haiungui vizuri, ringi zinalika. Na mshale unabaki chini kwa sababu unasema kweli. Sensa yako ya pili huenda ni nzima kabisa. Kwenye mlima ndiyo hatari yenyewe, maana kwa injini nyingi themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikiondoka, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, siku unayoyahitaji kupoa.

Ichemshe ile ya pili, uniletee ohmu zake. Kama bado unataka mpya, peleka namba saba za mwisho za chesisi kwenye tawi la Scania pale Barabara ya Nyerere, wataisoma sehemu yako kwa namba.

Mzee wa Oslo – Alhamisi

Nimekuwa nikisoma haya na moyo umenirudi mbali. Baada ya Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), kujitangazia uhuru wake, Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalibebwa kwa barabara kutoka Dar. Bomba la TAZAMA lilifika 1968 na reli ya TAZARA ilikabidhiwa 1976. Katikati hapo ni watu na malori. Baba yangu aliendesha Fiat. Masika barabara ilikuwa tope tangu Morogoro. Alikuwa anarudi baada ya wiki tatu, tunamnusa mafuta ya taa hata akishaoga. Hakuwa na sensa wala kompyuta. Alikuwa akisimama chini ya Kitonga, anaweka kiganja juu ya rejeta, anasubiri.

Na baadaye tulikuwa na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, Scania zinaunganishwa na vijana wetu, na shirika la Nyumbu jirani yake wakitengeneza lori la Kitanzania. Leo mtoto wa nchi hiyo anaagiza sensa ya kilo robo kutoka skrepu ya Uingereza. Nalisema kwa uchungu.

Dada wa Columbus – Alhamisi

Mzee, umeniliza. Mimi babu alikuwa utingo wa njia hiyohiyo.

Lakini tuseme na lingine. Huyu kaka asingekwama kama jina lake lingekuwa moja. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu kushika pasipoti mbili, kwa hiyo siku alipoapa huko, karatasi zake zote za nyumbani zikawa za mtu mwingine. Hadhi maalum ya sisi wa diaspora tumeisikia miaka. Fedha tunazotuma hazijawahi kuulizwa uraia.

Ndugu wa Maskati – Alhamisi

Sie huku wengine ni kizazi cha tatu, bado tunaulizana mvua ya vuli imenyesha? Karafuu vipi mwaka huu? Uraia ni karatasi, dada. Ila nakubali karatasi ndo inofungua mlango.

Mzee wa Oslo – Alhamisi

Si karatasi tu. Mtu asiye raia hapigi kura wala hamiliki ardhi kama raia. Tuseme mambo kwa usahihi.

Mdau wa Reading – Ijumaa

Nimechemsha sensa ya pili kwenye sufuria ya chai ya mama. Maji yakitokota inasoma ohmu 39. Ilipopoa hapa mezani imepanda ikapita 400. Waya nilipougusisha kwenye ethi, mshale uliruka mpaka juu. Mdogo wangu ameenda Gerezani kutafuta themostati, na tepu tumeitoa yote. Mdau wa Södertälje, Mungu akubariki. Mama amesema ukija Dar usilale hotelini.

Kifurushi bado kiko kulekule. Leo wamesema nirudi Jumatatu saa 2 asubuhi na pasipoti zote mbili, ile ya zamani na hii, halafu wataona. Sensa naweza kuiacha sasa. Miwani siwezi. Anasoma msahafu kwa kuushika karibu na pua. Tiketi yangu ya kurudi ni Jumatano.

Kwa hiyo narudia. Kuna yeyote aliyebadilisha jina la mpokeaji mzigo ukiwa umeshafika? Barua inaandikwa na nani, mtumaji au mpokeaji?

Dada wa Columbus – Ijumaa

Kaka, miwani ya mama ni namba ngapi? Dada yangu yuko kwenye duka la miwani Kariakoo, Jumapili hafanyi kazi lakini ufunguo anao. Nitumie karatasi ya daktari wa macho, picha ya simu inatosha, iwe wazi tu kwenye namba za jicho la kushoto.