Tunalipia reli isiyofika Malindi, na hakuna chama kinachotuambia kinasimama wapi

Wanajamvi, nimevumilia nimechoka.

Juzi alfajiri nimekata kamba za robota la blauzi za mitumba hapa Malindi. Nimechambua mpaka jua likatoka. Kamera, yaani zile za daraja la kwanza, hazikufika 30, zilizobaki zote za fagia, zile za mwisho za kuuza bei ya chini, nyingine zina madoa ya kwapa hayatoki hata kwa jiki. Na bei ya robota imepanda tena. Nikimuuliza tajiri wa Mombasa, jibu ni lile lile: ushuru bandarini.

Nani anatutetea? Kampeni za 2022, mgombea wa muungano wa Azimio, Raila Odinga, aliposema mitumba ni nguo za waliokufa, wapinzani wake wa Kenya Kwanza, walio serikalini sasa, walirukia hapo hapo, wakawa wao ndio ndugu wa mama mitumba. Wengine tukaamini.

Disemba 2024 ikapita sheria, ada ya reli kwa mizigo inayoingia nchini ikatoka asilimia 1.5 ikawa 2. Mtu ataniambia nusu asilimia ni kitu gani. Ni kitu! Inakatwa kwenye thamani ya mzigo kabla hujauza hata soksi, na kila mkono unaoupokea njiani unaongeza yake. Hiyo reli yenyewe inatoka Mombasa, inaenda Nairobi mpaka Naivasha. Mzigo wangu mie unapanda lori, kilomita 120 hivi, mpaka Malindi. Behewa nalilipia, silioni.

Na ODM, chama cha Raila, ambao huku Pwani ndio tuliowategemea? Wakati huo watu wao walishaketi kwenye baraza la mawaziri la serikali hiyo hiyo. Nani angepaza sauti?

Ukimbana mwanasiasa atakwambia ushuru wa forodha huamuliwa na mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kweli, sikatai. Lakini ada ya reli, na ile ya kuagiza mizigo ya asilimia 2.5, hupitishwa Bungeni, na wabunge wetu wamo. Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106, nchi nzima ilijua nani alisema ndiyo na nani alikataa. Huu wa Disemba, hapa sokoni sijapata hata mmoja aliyeusikia ukijadiliwa.

2027 watarudi na leso na fulana. Mwenye kujua chama chake kimetamka nini juu ya ada za bandarini, kwa asilimia, aandike hapa. Nitasoma kila jibu, na wenzangu sokoni nitawasomea.