Bloku ya maji ya kuchonga mwenyewe: prosesa bado nyuzi 84, nimekosea wapi?

MzeeMsasa: Wakuu, habari za jioni. Nina prosesa ya i7-2600, ile ya wati 95, na chumba changu Tabata mchana ni nyuzi 32. Kelele za feni zilinichosha, nikaamua kuipoza kwa bloku ya maji, yaani kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitishiwa maji yabebe joto. Nikanunua skrepa ya shaba, bapa la paneli za umeme, unene milimita 10. Fundi akanichimbia shimo la sentimita 4 kwa 4, nikafunika kwa pleksiglasi, oringi (pete ya mpira ya kuziba maji) na skrubu nane. Nililiacha usiku kucha pampu ikizunguka, juu ya karatasi za chooni: asubuhi kavu kabisa. Ila gemu dakika kumi tu, 84! Nimeweka pampu kubwa zaidi, ikawa 83. Mama watoto anauliza kama nachemshia chai humo.

KerezaPolepole: Pampu unaionea bure mkuu. Lita 4 za maji kwa dakika zikibeba wati 95 zinapanda theluthi ya nyuzi tu. Shida ni kwamba umechonga sufuria: maji yanateleza juu ya sakafu ya sentimita za mraba 16, basi. Chukua bapa jingine. Fundi ashushe kingo milimita 6, katikati kibaki kisiwa cha 4 kwa 4. Hapo msumeno wa chuma unapita upande hadi upande bila kugusa njia ya oringi. Kata mifereji 18 ya upana wa milimita 1, kina 5. Eneo linaloguswa na maji linakaribia sentimita za mraba 90. Kifuniko kikalie vichwa vya mapezi, zile kuta nyembamba zinazobaki kati ya mifereji, maji yasipite juu juu. Yaingilie katikati, yatokee pembeni.

Bi_Rejeta: Rejeta inayopoza hayo maji ni ya chuma gani?

MzeeMsasa: Ya pikipiki, alumini. Kuna utelezi mweupe kwenye mpira wa maji, nikadhani sabuni.

Bi_Rejeta: Sabuni wapi kaka, hiyo ni alumini yako inaliwa. Ukiiunga na shaba kwenye maji yaleyale umetengeneza betri. Tafuta rejeta ndogo ya hita ya gari la zamani, ya shaba.

MzeeMsasa: Mrejesho, wiki tatu baadaye. Nimekata mifereji 16, wa 17 msumeno ulienda kombo. Chini nimesugua kwa msasa juu ya kioo cha dirisha, maana nilipoweka ukingo wa wembe mwanga ulipita katikati, hapakuwa bapa. Rejeta ya hita nimepata. Gemu ileile: 61. Pampu kubwa nauza, mwenye kuhitaji aje PM.