Viongozi wa kanisa letu, acheni kutuhubiria umoja, someni hesabu!

Wapendwa, nimevumilia nimechoka. Kanisa silitaji, dhehebu silitaji, wahusika wakipita hapa watajijua.

Tangu ile harambee ya vyombo vya muziki tumegawanyika pande mbili. Pesa zilichangwa, vyombo vikaja nusu, kwaya ya vijana wakaomba kuona risiti. Kosa lao ni hilo tu! Jumapili iliyofuata tukakuta chumba cha vyombo kimepigwa kufuli jipya, ufunguo anao mzee mmoja wa kanisa, na kwenye matangazo yakasomwa majina ya vijana "waliosimamishwa huduma kwa kuleta mafarakano". Hivi Mathayo 18 imefutwa lini? Pale tunaambiwa umwendee ndugu yako kwanza, wewe na yeye peke yenu. Hawa wameanzia kwenye kipaza sauti.

Sasa oneni tulikofika. Baada ya ibada huwa tuna mnada, watu wanaleta mayai, ndizi, kuku. Juzi mama mmoja mjane, mwanawe ni wa kwaya ya vijana, kaleta jogoo mwekundu, kashiba haswa. Mnadishaji anapaza, "Elfu kumi, elfu kumi, nani anaongeza?" Upande wa wazee wote wameinamia simu! Watu walewale walioupandisha mkungu wa ndizi wa mwenye ufunguo hadi elfu sitini. Jogoo akaenda kwa elfu kumi, mama akajifunga kanga yake akaondoka bila kumuaga mtu. Yaani siku hizi hata sadaka ya mjane ina upande?

Halafu mahubiri kila wiki ni Yohana 17, "wote wawe na umoja". Umoja gani, wa kufunga midomo?

Someni Matendo 6 jamani. Yerusalemu kulikuwa na manung'uniko, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaita walalamikaji wachochezi. Waliita mkutano, wakawaambia watu wenyewe wachague saba walioshuhudiwa wema. Tazameni waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina ya Kiyunani yote saba! Kwetu mtunza hazina ni shemeji yake mwenyekiti, na bado mnashangaa watu wanauliza.

Mimi si kijana wala siimbi kwaya, ila bahasha yangu ya ahadi naishikilia hadi risiti zisomwe mbele ya waumini wote na vijana waingie kamati ya fedha. Na wewe unayetaka kuandika hapo chini "tuombe tu", tumeshaomba, tumeshafunga, risiti hazijaonekana.

Nauliza wenzangu wa makanisa mengine: katiba zenu zinaruhusu waumini wa kawaida kuitisha mkutano mkuu, au mpaka mchungaji akubali? Ya kwetu nimeiomba ofisini, naambiwa imeazimwa.