Ping inajibu, mafaili yanafunguka, lakini logi za kompyuta ya mbali zinagoma (kosa 1722)

mkesha_wa_seva

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani ya Windows 10, jina lake STOO-02. Iko chumba cha nyuma, juu ya kabati, haina skrini wala kibodi. Kazi yake ni moja tu: usiku inapokea nakala za mafaili kutoka kwenye kompyuta nyingine. Wiki hii asubuhi tatu nimekuta imejizima na kujiwasha yenyewe, na kazi ya kunakili imekatikia njiani. Mimi nashuku umeme, mwenzangu anashuku diski. Tumebishana vya kutosha, sasa nataka logi (kumbukumbu za matukio ambazo Windows huziandika) ziseme.

Kwenye laptop yangu nafungua Event Viewer, programu ya kusomea logi, nabofya kulia pale juu kabisa, nachagua "Connect to Another Computer", naandika STOO-02. Inazungukazunguka, mwisho inatema "The RPC server is unavailable (1722)".

Kinachonichanganya ni kwamba ping inajibu bila kukosa hata moja. Folda ya \\STOO-02\nakala inafunguka vizuri. Nimezima fayawoli (kizuizi cha miunganisho ya mtandao) ya laptop nikajaribu tena, hali ni ileile. Hatuna domeni, kila kompyuta inajitegemea na akaunti zake. Na kusema kweli sitaki kubeba skrini kupeleka kule, kwa hiyo kama kuna njia ya kumalizia hapa nilipokaa nitashukuru.

haraka_haraka

Zima fayawoli ya kule pia, mambo kwisha. Mimi zangu zote ziko hivyo.

fundi_kimya

Usizime, na ya laptop yako uiwashe sasa hivi. Hiyo haikuwa na kosa. Laptop ndiyo inayobisha hodi, STOO-02 ndiyo inayokataa kufungua, kwa hiyo kazi iko upande wa kule.

Ping isikudanganye. Inakuambia mashine imewaka na njia ipo, basi. Haigusi poti yoyote, yaani milango yenye namba ambayo huduma za mashine hupitia. Folda nayo inafunguka kwa sababu inapita poti 445, ambayo wewe mwenyewe uliiruhusu siku ulipowasha kushirikisha mafaili. Walau tunajua jina STOO-02 linaelekea kwenye mashine sahihi, hilo tuliache.

Logi zina njia yao. Event Viewer inagonga kwanza poti 135. Pale pana kama bawabu: unamuuliza huduma ya logi iko chumba kipi, anakutajia namba, kisha unakwenda huko. Hizo namba za vyumba ziko kati ya 49152 na 65535, na zinaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Ndiyo maana mtu akifungua 135 peke yake anabaki analalamika: amemfikia bawabu, ila mlango wa chumba umefungwa.

Fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) kwenye laptop, andika hii, uniletee mstari wa mwisho:

Test-NetConnection STOO-02 -Port 135

mkesha_wa_seva

TcpTestSucceeded : False

Nikajaribu na 445, ikaleta True. Kumbe ni kweli.

fundi_kimya

Basi pole, skrini utaibeba. Huwezi kufungua mlango ambao funguo zake ziko ndani.

Ukifika, fungua PowerShell kama msimamizi. Anza na Get-NetConnectionProfile uone mtandao umeandikwaje. Ukikuta Public (mtandao usioaminika), ubadilishe uwe Private (unaoaminika) kwanza, usifungue milango mbele ya Public. Halafu:

Enable-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Event Log Management"

Kundi hilo linabeba ruhusa zote zinazohitajika: ya bawabu, ya huduma yenyewe, na ya njia ya 445. Usihangaike kuziandika moja moja. Na kama laptop yako iko kwenye mtandao mdogo tofauti na wa STOO-02, tazama safu ya Remote Address kwenye hizo ruhusa. Ikisema "Local subnet", laptop itaendelea kukataliwa hata kama ruhusa imewashwa na ina alama ya kijani.

mkesha_wa_seva

Nimebeba. Mtandao ulikuwa Private tayari, nikawasha lile kundi. Nimerudi mezani, 135 sasa inasema True. Nikaweka tiki kwenye "Connect as another user", nikaandika STOO-02\mlinzi, ambayo ni akaunti ya msimamizi wa kule. Sasa inasema jina au nenosiri si sahihi. Nimeandika mara nne, polepole, namba zilezile nilizoingilia dakika kumi zilizopita nikiwa mbele ya skrini!

dada_wa_konsoli

Umesema namba. Hiyo siyo PIN kweli?

mkesha_wa_seva

😶 Ni PIN.

dada_wa_konsoli

PIN ya Windows inafanya kazi kwenye mashine ileile tu, haisafiri kwenye mtandao. Tafuta nenosiri lenyewe la akaunti hiyo, lile uliloweka kabla ya PIN. Na wengine mnaosoma, kama akaunti ya kule haina nenosiri kabisa, Windows kwa kawaida huikatalia kuingia kupitia mtandao. Utasota siku nzima ukidhani ni fayawoli.

mkesha_wa_seva

Nenosiri nimelipata kwenye daftari la zamani. Sasa imekuja "Access is denied (5)". Jamani, mlinzi ni msimamizi! Nimehakikisha kwa macho yangu!

fundi_kimya

Usikate tamaa, unasogea. Soma namba zako kwa mfuatano: 1722 ulikuwa hujafika, hilo la nenosiri ni 1326, umefika lakini hujatambulika, na 5 umetambulika ila hujaruhusiwa. Umebakiza hatua moja.

Akaunti ya msimamizi ya mashine yenyewe, ikiingia kupitia mtandao, UAC (ulinzi wa Windows unaodhibiti mamlaka ya msimamizi) huivua cheo mlangoni. Inaingia kama mtu wa kawaida. Utakuta watu wengi wanakushauri uweke LocalAccountTokenFilterPolicy kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) iwe 1. Itafanya kazi, lakini siipendi, kwa sababu inarudisha mamlaka yote ya msimamizi kupitia mtandao wakati wewe unataka kusoma tu. Kuna kundi liitwalo Event Log Readers kwa ajili ya shughuli hiihii. Skrini bado iko kule, natumaini? Tengeneza akaunti ya kawaida, ipe nenosiri la maana, kisha:

net localgroup "Event Log Readers" msomaji /add

Halafu kwenye laptop jaribu kwanza kwa mstari wa amri, maana Event Viewer ina tabia ya kukaa na jibu la zamani:

wevtutil qe System /r:STOO-02 /u:STOO-02\msomaji /p:* /c:30 /rd:true /f:text

Ile nyota itakufanya uulizwe nenosiri, lisibaki limeandikwa kwenye amri. /rd:true inaanza na matukio mapya.

dada_wa_konsoli

Naongeza kwa wale wasioweza kubadili chochote kule: mwombe aliye karibu na mashine aendeshe wevtutil epl System C:\logi.evtx akiwa msimamizi, akutumie hilo faili. Litafunguka kwenye Event Viewer yako. Baadhi ya matukio yatakuambia maelezo hayapatikani, maana programu iliyoyaandika haipo kwako, ila saa, namba na chanzo utaviona.

mkesha_wa_seva

IMEFUNGUKA. Skrini nilikuwa nimeiacha juu ya kabati, ashukuriwe Mungu kwa uvivu wangu.

Sasa cha kuchekesha. Nilikwenda moja kwa moja kutafuta tukio namba 41 la Kernel-Power, lile la mashine kuzimika bila kuaga. Hakuna hata moja. 6008, la kuzimika kusikotarajiwa, nalo hakuna. Kilichopo ni 1074, la mashine kuagizwa izimwe au iwashwe upya, usiku zote tatu, wa mwisho saa tisa na dakika kumi na mbili, aliyeagiza ni MoUsoCoreWorker.exe. Yaani masasisho ya Windows yenyewe.

fundi_kimya

Kwa hiyo si umeme wala diski. Sogeza "Active hours", saa ambazo Windows haijiwashi upya kwa ajili ya masasisho, zifunike muda wa kunakili. Kumbuka urefu wake hauwezi kuzidi saa 18, kwa hiyo pima vizuri zianzie wapi.

mkesha_wa_seva

Nimeweka kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne asubuhi. Mwenzangu sijamwambia bado, tayari alishaagiza diski mpya.